Kufundisha weledi chuoni: tuanzie kwenye matendo

Somo la weledi katika vyuo vingi huishia kwenye orodha ya sifa njema: uaminifu, kujituma, kutunza muda, ushirikiano. Mwanachuo huinakili, huikariri na kuijibu vizuri kwenye mtihani, kisha wiki inayofuata hukabidhi kazi ya kikundi siku mbili baada ya muda uliopangwa bila kumwarifu yeyote. Kwa maoni yangu kama mkufunzi wa somo hili, kasoro iko kwetu zaidi kuliko kwake, kwa kuwa tumempa majina ya sifa bila kumwonyesha matendo yanayozibeba. Kumwambia mtu awajibike hakumpi la kufanya. Kumwambia kwamba akiona hatamaliza kwa wakati amwarifu msimamizi mapema, aeleze amefikia wapi na ataje siku atakayokabidhi, kunampa jambo la kujifunza, la kulifanyia mazoezi na la kupimwa.

Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha madaktari 235 waliokuwa wamechukuliwa hatua za kinidhamu na bodi za udaktari na wengine 469 ambao hawakuwahi kuchukuliwa hatua hizo, kwa kupekua kumbukumbu zao za chuoni. Mambo mawili yaliyohusiana zaidi na hatua hizo za baadaye ni kutowajibika kulikokithiri na udhaifu mkubwa katika kujirekebisha. Alama ndogo za masomo nazo zilihusiana, ila si kwa kiwango hicho. Nikiutazama muda tunaoutumia kuzungumzia mavazi (ambayo yana nafasi yake, sikatai), najiuliza kwa nini ustadi wa kupokea masahihisho haupati hata nusu yake.

Ustadi huo nauzoeza kwa igizo dhima. Mwanachuo hupewa mrejesho mkali juu ya kazi yake halisi, naye kabla ya kujitetea hutakiwa kurudia kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa, kuomba mfano pale asipoelewa, na kueleza atabadilisha nini. Baadaye hukabidhi kazi iliyorekebishwa pamoja na aya moja inayoonyesha mabadiliko hayo, na sehemu ya alama hutokana nayo. Wengi huona ugumu hasa katika ile hatua ya kunyamaza kwanza, na hapo ndipo ninaporudia zoezi bila haraka.

Kijana aliyetoka sekondari na mtu mzima aliyerudi masomoni hawafundishwi kwa namna moja. Wa kwanza mara nyingi hazijui kanuni ambazo maofisini hakuna anayezitamka, hivyo namwekea mbele barua pepe mbili za kazi, nzuri na mbovu, tukazichambua sentensi kwa sentensi. Wa pili, kama Malcolm Knowles alivyosisitiza katika maandishi yake kuhusu elimu ya watu wazima, huja na uzoefu wake na hutaka kujua kwanza kwa nini ajifunze jambo fulani. Kumhubiria mtu wa namna hiyo kuhusu kuwahi kazini ni kumdharau. Kinachomfaa ni visa vyenye utata: mwenzako aliyekusaidia sana anaandika saa za kazi ambazo hakuzifanya, utamwambia nani, lini, na kwa maneno gani? Uzoefu wake pia unaweza kuwa kikwazo, hasa ikiwa alikotoka kuripoti kosa kulihesabiwa kuwa ni usaliti, na jambo hilo halina budi kujadiliwa waziwazi darasani bila kumwaibisha.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha jinsi watu wanavyojifunza kwa kutazama wengine, na mkufunzi hutazamwa kuliko wote. Ndiyo maana mpango wangu wa somo hutaja pia tarehe za kurudisha kazi nilizosahihisha, na ikitokea nikachelewa, taarifa yangu kwa darasa hufuata utaratibu uleule ninaowadai.

Katika kupima, siandiki kwamba mwanachuo ni mzembe au hana heshima. Naandika tarehe, kilichotendeka na nani alikiona, kisha mwanachuo huongeza maelezo yake kwenye karatasi hiyohiyo. Tukio moja halitoshi kumhukumu mtu. Matukio yanayofanana, yakiwa yameandikwa na wakufunzi tofauti katika muhula mzima, ndiyo yanayonifanya nimwite kwa mazungumzo rasmi na kupanga naye marekebisho yenye tarehe ya kufuatiliwa.