Je, wajua kerneli, ile programu ya kiini cha Linux, inajuaje kompyuta ina soketi ngapi za prosesa na haina macho?

Juzi jamaa yangu anayeangalia seva za ofisi fulani hapa Kampala alinitumia picha ya lscpu, amri ya Linux inayoonyesha habari za prosesa, seva ina prosesa ya AMD EPYC moja ya zile za kwanza za 2017, ameifungua mwenyewe akaona prosesa ni moja tu, sasa mbona Linux inamwandikia soketi 1 halafu chini yake NUMA node 4, yaani mafungu manne ya memori, hizo nne zimetoka wapi, na kerneli imejuaje soketi ni moja wakati haiwezi kufungua kava ichungulie?

Swali zuri sana hilo. Kerneli soketi haiioni kabisa, inapiga hesabu tu. Kwenye prosesa za Intel na AMD kila thredi, yaani njia moja ya kazi ndani ya kori (kitengo cha hesabu cha prosesa), ina namba yake inaitwa APIC ID, na hiyo namba imepangwa kama LC zetu, mabaraza ya mitaa ya Uganda, LC1 kijiji, LC3 gombolola, LC5 wilaya. Biti za kulia kabisa ni thredi, zinazofuata ni kori, na zile za kushoto zilizobaki ndo chipu nzima inayokaa kwenye soketi. Mpaka wa biti uko wapi? Hapo kerneli inaiuliza prosesa yenyewe kwa amri ya CPUID.

Tuseme thredi imepewa biti 1 na kori biti 6, jumla 7. Chukua APIC ID 131, gawa kwa 128, unapata 1 inabaki 3. Hiyo 1 ndo soketi, tena ni ya pili sababu tunaanza na 0, na ile 3 maana yake kori namba 1 thredi namba 1. Kerneli inafanya hivyo kwa thredi zote halafu inahesabu namba za juu zilizo tofauti ni ngapi, basi hizo ndo soketi, na ndo ile physical id unayoiona kwenye /proc/cpuinfo. Ukiona namba za kori zinaruka usishtuke, kori 28 zinahitaji biti 5 ambazo zinatosha 32, kwa hiyo zingine zinabaki wazi.

Sasa zile nne. EPYC ile ndani ya kifuniko kimoja ina vipande vinne vya silikoni, kila kimoja kina kontrola yake ya memori, na memori ya kwako unaifikia haraka kuliko ya jirani. Firmware, ile programu ya ndani ya bodi inayowasha kompyuta, inaandika hayo kwenye jedwali linaloitwa SRAT, moja ya majedwali ya ACPI inayoiachia kerneli, kerneli inasoma inapata node nne. Node inahusu umbali wa memori, soketi inahusu chipu iliyochomekwa, na watu wengi wanavichanganya sababu zamani vilikuwa vinalingana, ingawa AMD walishaweka vipande viwili kwenye Opteron 6100 tangu 2010.

Hata Linux yenyewe ilibidi ijipange upya. Intel walipotoa Xeon Platinum 9200 mwaka 2019, vipande viwili na kori hadi 56, kukawa na rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za umeme za kila kipande wakati draiva zilidhani ni moja kwa chipu nzima. Len Brown wa Intel akaleta ngazi mpya katikati, die_id, ikaingia Linux 5.3 mwaka huohuo, na CPUID ikawa inajibu ngazi hiyo kupitia ukurasa wa 0x1F. Kwenye seva za ARM hakuna APIC ID, kule firmware inaandika mti wa kori kwenye jedwali la PPTT na kuweka alama pale chipu nzima inapoanzia.

Kwa hiyo kama unaandika programu usihesabu node ukasema ni soketi, nakuomba sana, soma physical_package_id ya kila CPU, ya kwanza iko /sys/devices/system/cpu/cpu0/topology, halafu hesabu zilizo tofauti. Na ukiwa ndani ya mashine pepe kumbuka majibu ya CPUID yanaandikwa na hypervisor, programu inayoendesha mashine hiyo, inaweza kukuambia soketi 8 na chini kuna chipu moja tu.