Kinyozi wa chewa

Mzee mmoja wa Msimbati, Mtwara, mzamiaji pweza wa siku nyingi, aliniuliza tukiwa ufukweni tunasubiri maji yapwe: "Mwanangu, kile kisamaki chenye mstari mweusi kinaingia mdomoni mwa chewa, kinatoka kizima. Chewa kapata wapi huruma?"

Huruma hana. Ana wadudu.

Kisamaki hicho ni msafishaji, Labroides dimidiatus kwa jina la kitaalamu, urefu wake kama kidole. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mnazi, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kila msafishaji ana kibaraza chake kama kinyozi, na wateja humfuata hapohapo. Elea kimya juu ya mwamba usipige miguu. Utamwona pono kasimama wima majini, mapezi kayatandaza, haendi mbele wala nyuma. Anaomba huduma. Msafishaji anampitia magambani akidonoa, anazama mashavuni, anatokea mdomoni. Australia walihesabu: mmoja hula wadudu hao, yaani vimelea, kama 1,200 kwa siku.

Ila kinyozi huyu ni mdokozi. Akipendacho hasa ni ute wa ngozi ya mteja, wadudu ni chaguo la pili. Ukiona mteja kashtuka mwili mzima ghafla, jua kaibiwa. Mteja asiyetoka mtaa wake, asiye na kinyozi wa pili, humkimbiza mwizi; mwenye kutembea mbali anahama kibaraza, basi. Ndiyo maana foleni ikiwepo inatazama, msafishaji hufanya kazi kwa adabu kabisa. Mimi hilo bado linanichekesha kila nikizama.

Dume mmoja huwa na majike kadhaa, na mara nyingine humhudumia mteja pamoja na mmojawapo. Jike aking'ata ute, mteja anaondoka na dume anakosa mlo, basi dume humfukuza yule jike kwa hasira. Wengine huita haki; mimi naona anatetea tumbo lake. Tena ana sababu ya kuwachunga majike wanaomkaribia kwa umbo, maana ute ni chakula cha kunenepesha, na jike akikua sana anaweza kugeuka dume, akawa mpinzani wake. Siku dume akifa, jike mkubwa kuliko wenzake huanza kuwatawala wengine ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili hivi anatoa manii. Naye ni dume kamili.

Mzee alinyamaza, akafunga kiuno. "Basi yule niliyemwona jana akifukuzwa," akasema, "ni mrithi."