Je, wajua kwa nini Linux ilikaa na lugha ya programu ya C ya 1989 mpaka 2022?

Mimi nilikuwa nadhani ni ubishi wa wazee tu. Stendadi mpya za lugha hiyo, C99 ilitoka 1999, C11 ikaja 2011, halafu kenel ya Linux, yaani kiini chake, imeng'ang'ania C ya 1989 (C89), utaitaje kama sio ukaidi? Na nilikuwa nabishana na watu kabisa, kwamba stendadi ni chaguo la anayeandika, ukitaka mpya unaandika mpya, basi. Wapi! Stendadi yako ya chini inapangwa na kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) kongwe kuliko zote ulizoahidi kwamba programu yako itapita humo. Na hata hiyo C ya 1989 haikuwa ya 1989 kweli, ilikuwa gnu89, yaani ya zamani iliyochomekewa nyongeza za GCC, kompaila inayojenga kenel, nyingine ndo hizo hizo zipo kwenye C99, kwa hiyo nusu ya kejeli zangu zilikuwa hewa.

Kilichowahamisha watu wa kenel ni lupu, yaani kodi inayojirudia. Kwenye C89 variabo ya kuzungukia unaitangaza kabla ya lupu, kwa hiyo lupu ikiisha yenyewe bado ipo. Chukua nyumba ya kupanga, umemtuma mtoto agonge chumba kimoja kimoja anamtafuta Juma. Akimkosa anajikuta karudi getini alikoanzia, maana listi za kenel ni duara. Shida mtoto huyu kazoea kwamba popote aliposimama ni chumba na swichi iko kushoto mwa mlango, ukimwambia washa taa anapeleka mkono kushoto mwa geti, anashika nyaya za jirani. Hiyo ndo pointa, yaani variabo inayoshika anwani ya memori, inayogusa memori isiyo yake, na kompaila imenyamaza tu. C99 inakuruhusu kumtangaza mtoto ndani ya mabano ya lupu, lupu ikiisha hayupo, ukimwita kompaila inagoma.

Mwanzoni mwa 2022 hitilafu za aina hii zikaibua mjadala, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akataka wahame. GCC ya chini kwa kenel ilishakuwa 5.1, ambayo C11 inaiweza, basi C99 wakairuka wakatua gnu11 (C11 na nyongeza za GCC), kwenye kenel toleo 5.18, Mei 2022. Ila kuhama peke yake hakukuziba tundu hata moja, makro za zamani (vifupisho vya kodi vinavyoandika lupu hizo) hazijibadilishi zenyewe, kila lupu ilibidi mtu aiguse.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walihamia C99 na toleo la 12, mwaka 2019. Curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, wao bado wako C89, wanajengewa kwenye mashine ambazo wengi wetu hatujawahi hata kuzisikia.