Ndege ndogo na upepo wa ubavuni: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Ndege ndogo ikichomoka nje ya barabara ya kurukia siku ya upepo, maelezo huwa mafupi: upepo uliibeba. Maelezo hayo hayamfundishi mtu chochote. Upepo wa ubavuni unaovuma kwa vishindo, yaani misukumo ya ghafla, una tabia zinazoeleweka, na rubani akizijua anabaki na mengi ya kufanya.

"Magurudumu yakishagusa, kazi imekwisha."

Naanza na hii kwa sababu naiona ya hatari kuliko zote. Ikiwa angani, ndege huenda pamoja na hewa iliyoibeba. Rubani huelekeza pua kidogo upepo unakotoka, au hulaza bawa la upande huo na kukanyaga pedali ya upande wa pili, inayogeuza usukani wa mkiani, ili asipeperushwe kando. Ikigusa ardhi, hali hugeuka. Matairi yameshika lami, lakini upepo bado unausukuma mkia, na pua inavutika kugeukia upepo. Wakati huohuo mwendo unapungua, na kadiri unavyopungua ndivyo usukani wa mkiani na eleroni, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande, vinavyoishiwa nguvu.

Kwa hiyo huu ndio wakati wa kuvitumia zaidi, si wa kuvilegeza. Eleroni huelekezwa upande wa upepo na kuzidishwa hadi mwisho wake kadiri ndege inavyopoteza mwendo. Rubani anayeachia mkono baada ya kugusa vizuri anaweza kuona bawa la upande wa upepo likinyanyuka na la pili likiparuza chini. Ndege zenye gurudumu la mkiani hazisamehe kabisa: kitovu cha uzito wao kiko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo mkia ukianza kuhama huzidi kuhama, na ndege huzunguka ghafla juu ya barabara. Miguu isitoke kwenye pedali mpaka ndege iegeshwe na kufungwa.

"Kitabu cha ndege kimeandika noti 15, basi hicho ndicho kikomo."

Cessna 172, aina ya ndege ndogo ya injini moja, nyingi zimeandikiwa noti 15, yaani maili za baharini kwa saa, sawa na kilomita 28 hivi. Mara nyingi tarakimu hiyo si kikomo cha kisheria. Ni upepo wa ubavuni ambao ndege ilithibitishwa kuumudu wakati wa majaribio. Kanuni za Marekani zilizotumika kwa miaka mingi zilitaka kiwango hicho kisipungue asilimia 20 ya mwendo ambao mabawa huishiwa nguvu ya kuinua ndege ikiwa imeandaliwa kutua. Haimaanishi kwamba kwa noti 16 ndege itashindwa, wala kwamba kila rubani ataziweza 15. Aliyekaa miezi bila kutua kwenye upepo wa ubavuni ana kikomo chake, na kiko chini ya hapo.

Pembe nayo ina uzito wake. Upepo wa noti 20 unaokata barabara kwa nyuzi 30 husukuma ubavuni kwa noti 10 tu. Kwa nyuzi 60, ni zaidi ya 17.

"Mnara wa kuongozea ndege umetaja noti 12, basi ni 12."

Huo ni wastani wa dakika chache zilizopita, uliopimwa mahali kipimo kilipo. Penye miti au majengo kando ya barabara, upepo wa pale unapogusa unaweza kuwa mwingine kabisa. Utazame mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo kando ya barabara, hadi dakika ya mwisho.

"Upepo ukizidi, ongeza mwendo."

Hapa kuna ukweli nusu. Kanuni inayofundishwa ni kuongeza nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na vishindo: ukiwa noti 15 na vishindo 25, ongeza 5. Nyongeza hiyo ni akiba, kwa sababu kishindo kikikatika ghafla mwendo wa ndege hewani hushuka nao. Lakini nishati hukua kwa mraba wa mwendo: ongeza asilimia 10 ya mwendo, nishati huongezeka kwa 21. Ndege inaelea na kukataa kukaa chini, huku upepo ukiipeleka kando. Rubani akiilazimisha, gurudumu la pua hutangulia kubeba uzito, na kuishika barabara kunakuwa kugumu mno.

"Kuahirisha kutua ni kushindwa."

Pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho na pua bado haijanyooka na barabara, upepo umeizidi ndege. Hapo ni kupaa tena: nguvu zote za injini, mguu wa kulia tayari kwa sababu ndege nyingi zenye propela moja huvutika kushoto, na flapu, vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, zikunjwe hatua kwa hatua. Uamuzi huu hufaa kabla ya kugusa au mara tu baada ya kudunda. Ndege ikishaanza kuiacha barabara, kuongeza nguvu kunaweza kuipeleka kwenye miti kwa mwendo mkubwa zaidi. Barabara nyingine inayoelekea upepo, na mafuta ya kuifikia, hupangwa kabla ya kuondoka.