Betri za taa za sambaza: hesabu, waya na chaji

Mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi inayovua sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaovutwa kwa taa usiku, hupumzika. Samaki hawaifuati taa usiku ambao ziwa zima lina mwanga, kwa hiyo kuanzia Kituku hapa Goma hadi Minova na Idjwi wavuvi hukaa nchi kavu wiki nzima au zaidi. Nyavu hutundikwa na kushonwa, moteri hufunguliwa na kusafishwa. Betri huwekwa kwenye kona ya nyumba vile ilivyorudi alfajiri ya mwisho, nusu tupu. Hapo ndipo inapofia.

Betri ya risasi inapotoa umeme, bamba zake hujifunika utando wa salfati, chumvi inayotokana na risasi na asidi. Ukiichaji siku hiyohiyo, utando bado ni laini na unayeyuka. Ukiiacha siku nyingi, utando unakuwa chembe ngumu ambazo chaja ya kawaida haizivunji, na kila penye chembe hizo bamba halifanyi kazi tena. Mvuvi huona tu kwamba taa zilizokuwa zikifika alfajiri sasa zinafifia saa nane usiku. Analaumu taa, analaumu muuzaji. Betri iliharibika siku ile ilipokaa bila chaji.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Tuchukue mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, yenye taa nne za LED za wati 20 kila moja. Jumla ni wati 80. Gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea 6.7. Zikiwaka kwa muda wa saa 9, usiku mmoja unakula ampea-saa 60. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo ampea-saa 60 zinadai betri ya ampea-saa 120. Anayenunua betri ya 70 kwa sababu ni nafuu ataimaliza kila usiku, na baada ya miezi michache atanunua nyingine. Nafuu hiyo ni hasara.

Angalia pia aina. Betri ya gari ina bamba nyembamba nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuwasha taa usiku kucha ni kazi nyingine kabisa, inayohitaji bamba nene. Tafuta betri ya sola, yenye kuandikwa uwezo wake kwa ampea-saa. Iliyoandikwa ampea za kuwashia injini peke yake, iache dukani.

Ukiunga betri mbili za volti 12 sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ili kuongeza uwezo, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Kuukuu ikiunganishwa na mpya huinyonya mpya. Waya chanya wa kwenda kwenye taa utoke betri ya kwanza na waya hasi utoke betri ya pili, ili zote mbili zifanye kazi sawa. Ukichukua nyaya zote mbili kwenye betri moja, hiyo itachoka mbele ya mwenzake.

Kwenye waya ndiko tunakokuta makosa mengi zaidi. Waya mwembamba hula volti. Mfano: kutoka kwenye betri hadi kwenye taa ni mita 6, maana yake umeme unasafiri mita 12, kwenda na kurudi. Kwa ampea 10, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.84. Betri ina 12.2, taa inapata 11.4. Waya wa milimita mraba 6 unapoteza volti 0.35 tu. Mwangaza unaokosa majini huenda hauhitaji taa mpya, unahitaji waya mnene. Hata waya ukiwa mnene, kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni kinaharibu kila kitu: unyevu unaingia, shaba inaota ukijani, kiungo kinapata moto. Tumia vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo lake, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Vichwa vya betri visuguliwe hadi ving'ae, vikazwe kwa spana, halafu vipakwe vazelini juu. Kwanza kaza, ndipo upake.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi sentimita 18 hivi. Ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi, na kikichubuka kwenye msumari wa mtumbwi kitawaka moto katikati ya ziwa. Fyuzi hulinda waya: kwa waya wa 2.5 usipite ampea 20. Ikikatika, tafuta sababu. Kuziba pengo lake kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara ni kuandaa moto.

Betri yenyewe ikae ndani ya kasha la plastiki lenye mfuniko, lililofungwa kwa mkanda kwenye mbao za mtumbwi, juu ya maji yanayokusanyika chini. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ikiteleza usiku wa mawimbi, itavunja mguu wa mtu au itamwaga asidi. Kasha liwe na tundu juu, kwa sababu betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi nyepesi inayolipuka kwa cheche moja. Kwa sababu hiyohiyo usiichaji ndani ya chumba cha kulala, na usivute sigara karibu nayo. Asidi ikigusa ngozi au jicho, osha papo hapo kwa maji mengi, na kwa jicho endelea kuosha dakika 15 na zaidi huku mkitafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Sasa chaji. Chaja ya umeme wa nyumbani au wa jenereta iwe na nguvu ya asilimia 10 hadi 20 ya uwezo wa betri: kwa betri ya 120, ampea 12 hadi 24. Kwa betri ya maji, yaani yenye vifuniko vya kuongezea maji, chaja nzuri hupanda hadi volti 14.4, hukaa hapo mpaka ampea zipungue zenyewe, kisha hushuka hadi 13.5 au 13.8 ya kutunza. Betri ya jeli, ambayo asidi yake ni nzito na imefungwa kabisa, isipite 14.2 hivi, la sivyo inakauka na haiongezwi maji. Kutoka nusu hadi asilimia 80, chaja ya ampea 12 inachukua kama saa tatu. Asilimia 20 za mwisho huchukua saa nne au tano, kwa sababu betri iliyokaribia kujaa hupokea polepole. Anayeipeleka betri mahali pa kuchajia saa tatu asubuhi na kuichukua saa sita anaondoka na betri isiyojaa, kila siku, na salfati inazidi kuganda.

Usiipime mara tu inapotoka kwenye chaja. Itaonyesha volti 13 na zaidi, ukafurahi bure. Iache saa tatu bila kitu chochote kuunganishwa, ndipo upime: 12.6 au 12.7 imejaa, karibu 12.2 ni nusu, 11.9 ni tupu. Kipima volti kidogo cha tarakimu ni rahisi, na kila mtumbwi ungepaswa kuwa nacho.

Kwa paneli ya jua, ampea-saa 60 za usiku ni wati-saa 720. Ongeza upotevu wa betri ya risasi, unafika kama 950. Ukihesabu saa nne za jua kali kwa siku, na ukikumbuka kwamba paneli ikipata joto na vumbi haitoi wati zilizoandikwa mgongoni, nunua ya wati 300. Vumbi jeusi la mawe ya volkano la Goma hujaa juu ya kioo haraka, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti: lifute asubuhi kwa maji na kitambaa laini, kwani ukilisugua kavu linakwaruza kioo.

Kuna kosa moja la bei ghali hapa. Paneli kubwa za nyumba hufanya kazi kwenye volti 30 hivi. Ukiifunga paneli hiyo kwenye kidhibiti (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) cha kawaida cha PWM, kisichobadilisha volti, na betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya umeme unapotea: paneli ya wati 280 inakupa wati 110 au 120. Inataka kidhibiti cha MPPT, kinachogeuza volti za ziada kuwa ampea. Unapofunga kidhibiti, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli itoke kwanza.

Moteri nyingi ndogo hazina kitu cha kuchaji betri. Zile zenye koili ya taa hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini, na bila kirekebishi (kifaa kinachoufanya umeme uende upande mmoja) na kidhibiti cha volti, umeme huo utaichemsha betri.

Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma (LiFePO4) ni ghali, lakini ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13, unaweza kutumia asilimia 80 yake, na haiumii ikikaa nusu. Iwe na chaja au kidhibiti chenye mpangilio wa lithiamu. Usiiunge sambamba na betri ya risasi.

Wenye betri ya risasi, usiku wa mwisho kabla ya mapumziko ya mbalamwezi ukiisha, chaji siku hiyohiyo hadi ijae kabisa. Kama ni ya maji, fungua vifuniko na hakikisha maji yamefunika bamba kwa sentimita moja hivi. Yakipungua ongeza maji ya betri yasiyo na madini, si ya ziwa, wala asidi. Ondoa waya zote, futa sehemu ya juu ikauke, iweke penye kivuli. Siku moja kabla ya kurudi ziwani pima tena. Ikiwa chini ya 12.5, irudishe kwenye chaja.