Nchi ikigoma kukaguliwa: kilichotokea Iraq kweli

Kila Iran au Korea Kaskazini ikitajwa kwenye taarifa ya habari napata meseji zilezile: hivi hao wakaguzi wa silaha wanasaidia nini kama mwenye nyumba hataki? Si anaficha tu, jamaa wanazungushwa wiki mbili, wanapewa chai, wanarudi zao Vienna? Halafu lazima atokee mtu wa kuitaja Iraq, kwamba ukaguzi ulifeli pale ndo maana vita ya 2003 ikaja. Mi nimesomea kemia na siku hizi nafundisha mambo ya udhibiti wa silaha, na hilo la Iraq ndo linaniuma kuliko yote kwa sababu ni kinyume chake. Iraq ndo mfano mzuri kuliko yote wa ukaguzi kufanya kazi kwa mtu anayekudanganya mchana kweupe. Kuna kitu kilifeli, ndio, ila sio hicho.

Tuanze kabla ya 1991. Iraq ilishasaini mkataba wa NPT wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki lenye makao Vienna, walikuwa wanaenda Tuwaitha, kile kituo cha nyuklia nje kidogo ya Baghdad, wanahesabu mafuta ya kinu cha nyuklia (yaani urani), wanakagua sili walizofunga ili vitu visiguswe, wanaandika kila kitu kiko sawa. Na kweli kila kitu walichoonyeshwa kilikuwa sawa! Shida sheria ya wakati ule iliwapeleka pale tu ambapo nchi yenyewe imetangaza, kwa hiyo majengo mengine humohumo ndani ya uzio yalikuwa yanafanya utafiti wa kurutubisha urani, yaani kuiongezea nguvu mpaka ifae hata kwa bomu, na mkaguzi anapita nje anasalimia. Huo mimi siuiti ukaguzi wa nchi isiyotaka, ule ulikuwa ukaguzi wa nchi inayoaminiwa.

Baada ya vita ya Kuwait likaja azimio 687 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Aprili 3, 1991. Silaha za kemikali, za kibaolojia, za nyuklia, na makombora ya kwenda zaidi ya kilomita 150, vyote viteketezwe mbele ya watu wa nje, na mafuta ya Iraq hayauzwi mpaka wakaguzi waseme kazi imeisha. Ikaundwa UNSCOM, tume ya Umoja wa Mataifa ya kukagua silaha za Iraq, chini ya Msweden Rolf Ekéus, IAEA wakabaki na upande wa nyuklia, wakapewa ruhusa ya kuingia popote, na Wamarekani wakawaazima ndege ya U-2 ya kupiga picha kutoka juu. Mzikariri hizo nguvu, maana bila hizo stori inayofuata isingekuwepo.

Juni 1991 timu ilienda kituo kimoja cha kijeshi karibu na Fallujah, ikazuiwa getini, mkaguzi mmoja akapanda mnara wa maji akaona nyuma kule malori yanatoka mbio, wenzake wakaruka kwenye gari wakayafukuza huku wanapiga picha na wanajeshi wanafyatua risasi hewani. Picha zikaonyesha kalutroni, mashine za kurutubisha urani kwa sumaku, teknolojia ya miaka ya 1940 iliyotumika Oak Ridge, Marekani, kutengeneza urani ya bomu la Hiroshima. Kitu cha kizamani hivyo nani angekitafuta. Septemba mwaka huohuo mkaguzi David Kay na timu yake wakakuta mafaili ya mradi wa bomu, wakazingirwa siku nne kwenye maegesho ya magari katikati ya Baghdad, wanalala kwenye gari, wanaongea na CNN kwa simu ya setilaiti. Hizi ndo stori watu wanazipenda, zina malori na risasi. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika mezani, kwa kalkuleta.

Silaha za kibaolojia. Miaka minne Iraq inasema hatuna, hatukuwahi kuwa nazo, labda utafiti kidogo tu wa kujilinda. Hakuna aliyekuwa na picha ya bomu hata moja. UNSCOM walichofanya ni kuandikia nchi zilizokuwa zinaiuzia Iraq vifaa, wakaomba invoisi. Ni kama unataka kujua mama ntilie anauza sahani ngapi na yeye anakataa kusema, unaenda dukani anakonunua unga. Unga wa humu ni chakula cha kuoteshea bakteria, unga fulani wa maabara ambao kila hospitali inautumia kupima magonjwa, halali kabisa. Invoisi zikaonyesha Iraq imeagiza kama tani 39 mwishoni mwa miaka ya 80. Hospitali zote za nchi ile zilikuwa zinatumia chini ya kilo 200 kwa mwaka! Na tena mzigo ulikuja kwenye madumu makubwa makubwa, wakati mtu wa maabara yoyote atakwambia huu unga ukishafungua unavuta unyevu unaharibika, hospitali inanunua vichupa vidogo. Wakaulizwa, wakajibu ni makosa ya karani wa wizara. Wakaulizwa tani kama 17 ziko wapi, wakajibu tulizigawa mikoani zikaibiwa kwenye fujo za 1991. Kumbe kuna kiwanda cha Al Hakam, jangwani, chenye matangi ya kuchachushia, ambacho wao walisema ni cha chakula cha mifugo. Unaweza kumdanganya mtu anayetafuta bomu lakini hizi hesabu hazikai, na kila uongo mpya ukawa unahitaji uongo mwingine wa kuushikilia.

Julai 1, 1995 wakakubali. Ndio, tulitengeneza sumu ya botulini na vijidudu vya kimeta, kwa matani ya maji yake.

Hapa naomba nisahihishe kitu ambacho hata vitabu vingine vinakosea. Watu wanasema aliyefichua ni Hussein Kamel, mkwe wa rais wa Iraq Saddam Hussein, aliyekimbilia Jordan Agosti 1995. Angalia tarehe vizuri: Iraq ilishakubali kutengeneza mwezi mmoja na zaidi kabla yake, kwa kubanwa na hesabu za unga. Kamel alichosababisha ni wao kupanik na kukubali lililobaki, kwamba walijaza mabomu 166 na vichwa 25 vya makombora, na ghafla "wakagundua" masanduku ya nyaraka kwenye shamba la kuku, zaidi ya kurasa nusu milioni, eti Kamel ndo aliyaficha. Al Hakam ikalipuliwa mwaka uliofuata wakaguzi wakisimamia. Na kwenye kemikali, UNSCOM waliteketeza zaidi ya silaha 38,000 zilizojazwa na ambazo hazijajazwa, tani 690 za sumu zenyewe na zaidi ya tani 3,000 za malighafi. Hakuna vita iliyowahi kufanya hivyo Iraq.

Iran nayo fupi tu, ili msidhani ni hesabu za invoisi peke yake. 2003 IAEA waliomba kuingia karakana moja Tehran inaitwa Kalaye Electric, wakazungushwa miezi, Agosti walipoingia wakakuta pamekarabatiwa, pako tofauti kabisa na walivyopaona mara ya kwanza. Wakapangusa kuta na sakafu kwa vitambaa vya pamba, wakatuma maabara, chembe za urani iliyorutubishwa zikaonekana. Rangi haiondoi hizo kitu. Iran ikakubali kwamba ilijaribu mashinepewa pale, zile mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani. Lakini ona uzuri wa kipimo: Iran ilisema pia kwamba chembe zile za urutubishaji wa juu zilikuja na vifaa vilivyotumika vya kutoka nje, na baadaye ikaonekana zinalingana na vifaa vya Pakistan. Kwenye hilo walisema kweli na kitambaa kilekile kikawatetea.

Sasa Iraq ilikwama wapi. Kiangazi cha 1991 Saddam aliamua kuteketeza akiba yake kubwa kimyakimya, usiku, bila shahidi, na kumbukumbu za maandishi karibu hamna. Alitaka kuondoa ushahidi na papo hapo asikiri alikuwa nayo. Matokeo yake alijitengenezea tatizo ambalo hakuna mkaguzi duniani anaweza kulitatua, maana kitu kilichopo unakikuta lakini kitu ambacho hakipo unakikutaje? Kwa makombora walau chuma kinabaki, wakafukua mashimo wakahesabu mabaki mpaka wakapata hesabu ya 817 kati ya makombora 819 yaliyonunuliwa kutoka Urusi ya Kisovieti. Lakini kimeta kilichomwagwa ardhini ukipime vipi miaka mitano baadaye? Unaweza kuthibitisha kilimwagwa hapa, lita ngapi huwezi. Ripoti zikaandika hesabu haijakamilika, na ile safu ya "haijulikani ilipo" wanasiasa wakaisoma "ipo, imefichwa". Hans Blix, aliyekuwa mkuu wa wakaguzi kipindi hicho, aliliambia Baraza la Usalama waziwazi Februari 2003 kwamba msirukie kusema vipo. Nani alisikia.

Na sio kwamba kuteketeza bila shahidi lazima kukuangushe. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita ya nyuklia, ikayavunja yenyewe kwa siri, michoro ikachanwa, ndo rais de Klerk akaja kutangaza bungeni Machi 1993. Kwa maandishi hilo ni kosa lilelile la Saddam. Tofauti ni kwamba walifungua vitabu vya uzalishaji wa urani vya kila siku, wakawapa wakaguzi mafundi waulizwe, wakasema nendeni popote wakati wowote. Hesabu za mwanzo hazikukubaliana, wakakaa nazo mpaka zikaeleweka, na leo hakuna anayebisha. Mimi kwa hiyo naona ushirikiano hauhitajiki sana kukamata uongo, unahitajika siku unayotaka kuaminiwa kwamba umeacha.

Korea Kaskazini siwezi kuiruka. 1992 ilisema imetenganisha plutoni, madini mengine ya kutengenezea bomu la nyuklia, mara moja tu, gramu tisini hivi, IAEA wakapima sampuli wakaona hapana, ni zaidi ya mara moja. Kipimo kilifaulu vizuri tu. Wakaomba kuona maghala mawili ya taka, wakanyimwa, Machi 1993 nchi ikatangaza inajitoa NPT. Desemba 2002 sili zikakatwa na wakaguzi wakafukuzwa, Oktoba 2006 bomu la kwanza likajaribiwa. Pale hapakuwa na azimio 687 wala mtu wa kufunga bomba la mafuta, na jirani mkubwa, China, hakutaka kubana sana.

Turudi Baghdad tumalize. UNSCOM ilikufa Desemba 1998, wakaguzi wakaondoka na mabomu yakapigwa siku nne, na mwezi uliofuata magazeti yakaandika kwamba majasusi wa Marekani walikuwa wamejipachika ndani ya ukaguzi kusikiliza mawasiliano ya Saddam. Upuuzi mkubwa ule, maana ulimpa Saddam sababu aliyokuwa anaitafuta miaka yote. UNMOVIC ya Blix, tume mpya iliyochukua nafasi ya UNSCOM, ikaingia Novemba 27, 2002, ikafanya ukaguzi 731 kwenye maeneo 411, ikakuta kombora la Al Samoud 2 linapita kilomita 150 na kuanzia Machi 1, 2003 ikasimamia kusagwa kwa kama 70. Machi 7 mkuu wa IAEA, ElBaradei, akaliambia Baraza kwamba barua za kuonyesha Iraq inanunua urani Niger ni feki, na yale mabomba ya aluminiamu yanaelekea ni ya roketi za kawaida, sio ya kurutubishia urani. Siku hiyohiyo Blix akasema kazi iliyobaki haihitaji miaka wala wiki, inahitaji miezi. Machi 18 wakaguzi wakaondolewa, vita ikaanza Machi 20.

Baadaye Marekani ikapeleka kikosi chake cha kutafuta, watu zaidi ya elfu moja, hakuna geti la kuwazuia wala mlinzi wa kuwaambia njooni kesho, wanasayansi wa Iraq wako mikononi mwao. Ripoti ya 2004 ya mkuu wa kikosi hicho, Charles Duelfer, ikasema akiba iliteketezwa 1991 na hakukuwa na mradi wa nyuklia uliofufuliwa. Walichokuwa wanaokota hapa na pale ni makombora ya zamani ya mizinga yenye kemikali, yameoza, ya kabla ya 1991, yaani aina ileile ambayo UNSCOM walishaiandika miaka mingi nyuma kwamba hesabu yake ina upungufu.