Je, wajua kwa nini TV ya Kihispania ya San Antonio ilikaa chaneli 41? Mi nilijibu ovyo

Binamu yangu yuko San Antonio, Texas, miaka kadhaa sasa. Siku moja akauliza kwenye grupu la familia: hivi kwa nini TV ya Kihispania huku iko namba 41, na zile kubwa za Kiingereza ziko 4, 5 na 12? Mi bila hata kufikiria nikajibu, ah, hao walichelewa, si unajua harusini anayekuja mwisho anaambulia ukoko. Watu wakacheka, nikajiona mjuzi.

Kumbe nilikosea, tena vibaya. Nilikuja kugundua baadaye nilipoangalia tarehe, yaani kitu ambacho ningekifanya kabla ya kufungua mdomo.

Angalia. Chaneli 4 ya San Antonio iliwashwa Desemba 1949, chaneli 5 ikafuata Februari 1950. Mpaka hapo jibu langu linasimama. Kituo cha Kihispania, ambacho leo kinaitwa KWEX na zamani kiliitwa KCOR-TV, kikaanza 10 Juni 1955. Halafu chaneli 12, ile ya Kiingereza, imeanza lini? Januari 1957. Mwaka mmoja na nusu NYUMA ya 41. Yaani aliyekuja mwisho ndo akapewa pilau na nyama juu, na aliyemtangulia akabaki na ukoko wake. Kwa hiyo hii habari ya kuchelewa haielezi kitu.

Na kabla sijaendelea kuna kosa lingine ambalo nadhani wengi wetu tunalo, hasa sisi tuliokulia tamthilia za Meksiko zilizotiwa sauti za Kiingereza, mama anapika huku jicho moja kwenye TV. Mi nilidhani TV ya Kihispania Marekani ni TV ya Meksiko iliyovuka mpaka tu, wanawasha mtambo upande wa pili na kurusha walichotumiwa. Kwa KCOR-TV haikuwa hivyo kabisa. Mwenyewe alikuwa Raoul Cortez, mzaliwa wa Meksiko aliyehamia Texas, na tayari tangu 1946 alikuwa na redio yake ya Kihispania hapohapo mjini, KCOR, hizo herufi COR amezichomoa kwenye jina lake mwenyewe. TV ilipoanza ilirusha zaidi jioni, na sehemu kubwa ya vipindi ilikuwa mubashara pale studio: waimbaji, wachekeshaji, watu walewale ambao wasikilizaji walishawajua redioni. Kituo cha mtaa hasa.

Tena kama unataka kucheka, mfano wa kinyume upo. Tijuana, Meksiko, mpakani kabisa na San Diego, kilianzishwa mwaka 1953 kituo kinaitwa XETV, chaneli 6, wenyewe ni familia ya Azcárraga, matajiri wa redio na TV wa Meksiko. Unadhani kilirusha kwa lugha gani? Kiingereza! Kiliwalenga watu wa San Diego ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo miaka hiyo kulikuwa na kituo cha Meksiko kinachoongea Kiingereza kwenye chaneli nzuri ya chini, na kituo cha Marekani kinachoongea Kihispania kule juu 41. Ukikisia kwa ramani unaumbuka.

(Haya, nisiseme KCOR-TV ni kituo "cha kwanza" cha Kihispania Marekani kijumlajumla maana kuna mtu atanirukia. Puerto Rico ni eneo la Marekani na huko TV za Kihispania zilianza 1954. KCOR-TV ni ya kwanza ukihesabu Marekani bara, na ukihesabu vituo vilivyofanya Kihispania kuwa kazi yao nzima, sio kipindi kimoja Jumapili kwenye kituo cha Kiingereza.)

Sasa kwa nini 41?

Kufikia 1948 TV Marekani ilikuwa na chaneli 12 tu, namba 2 hadi 13, zote kwenye masafa yanayoitwa VHF. Chaneli 12 kwa nchi kubwa vile hazitoshi, kwa sababu miji miwili jirani haiwezi kutumia namba moja bila kugongana. Mwaka 1948 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ikasimamisha vibali vipya ijipange, ikachukua karibu miaka minne kujipanga (serikali ni serikali), na 1952 ikaja na suluhisho: chaneli mpya 70 kwa mpigo, namba 14 hadi 83, kule juu kwenye UHF. Kwenye karatasi shida imeisha. Kwenye paa za nyumba shida ndo kwanza imeanza.

Hapa ndo penye utamu kwa hiyo nivumilie kidogo.

Wimbi la chaneli 4 lina urefu wa zaidi ya mita 4, sema pima mbili na ushee. Wimbi la chaneli 41 lina sentimita 47 hivi, yaani dhiraa moja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Unyooshe mkono wako uutazame, hiyo ndo chaneli 41.

Sasa fikiria umekaa gatini, iwe Lamu, iwe Bagamoyo. Likija lile wimbi refu la bahari kuu, lile linaloinua mashua zote polepole, linapita nguzo za gati kana kwamba hazipo, ukichungulia nyuma ya nguzo maji yanapanda na kushuka vilevile. Halafu tazama viwimbi vya upepo, vile vidogo vya upana wa kiganja. Vikifika kwenye nguzo nene vinakatika, na nyuma yake unaona kijisehemu cha maji kimetulia, kama kivuli. Bahari ni ileile na nguzo ni ileile, kilichobadilika ni urefu wa wimbi. Mawimbi ya TV nayo ni hivyo: kilima, jengo, hata miti yenye majani mengi, wimbi refu linajipinda na kupita, wimbi fupi linaacha kivuli, na ukiwa na bahati mbaya nyumba yako iko ndani ya hicho kivuli. Ni kama ngoma ya harusi mtaa wa tatu, unasikia dum dum ya besi tu, sauti ya mwimbaji huipati mpaka usogee (mfano huu unachechemea kidogo maana sauti na redio si kitu kimoja, lakini unanielewa).

Afu kuna antena. Antena rahisi kabisa inakatwa kwa nusu ya urefu wa wimbi. Nusu ya dhiraa ni shibiri. Kwa hiyo antena ya 41 ni kijiti cha shibiri moja, na ya chaneli 4 ni fimbo ya mita 2 na zaidi. Unaweza kudhani kidogo ni afadhali, hakichukui nafasi, lakini fikiria unakinga mvua: mmoja ameweka beseni, mwingine kikombe cha kahawa, mvua ni hiyohiyo. Kijiti kifupi kinakinga mawimbi kidogo. Ndo maana antena za UHF zina vijiti vingi vimepangwa kama mgongo wa samaki, ni vikombe vingi vinajaribu kuwa beseni. Na hicho kidogo ulichokinga kinapungua tena njiani kwenye waya kwa sababu waya wa antena unapoteza zaidi masafa yakiwa juu.

Dawa ipo, nayo ni kurusha kwa nguvu. Vituo vya UHF baadaye viliruhusiwa kufika kilowati 5,000, wakati chaneli 2 hadi 6 kikomo chao kilikuwa 100. Lakini bili ya umeme nani analipa? Kituo kidogo, matangazo ya biashara machache, na ndo kinachotakiwa kuwasha mtambo mkubwa kuliko matajiri. Kinyumenyume kabisa.

Halafu hata uwe umepata mawimbi safi, TV yako yenyewe haiyajui. TV nyingi za miaka ile zilitengenezwa na chaneli 2 hadi 13 tu. Kuangalia 41 ilibidi ununue kiboksi pembeni cha kugeuza masafa, na hata TV zilizokuja na UHF ndani zilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha: cha VHF kinalia tak, tak, tak, kila tak ni chaneli, na cha UHF kinateleza tu bila kukamata, unatafuta kwa vidole taratibu kama babu anavyotafuta idhaa kwenye masafa mafupi usiku, ukipita kidogo tu unapata chenga. Sheria ya kulazimisha kila TV mpya iwe na UHF ilisainiwa Julai 1962 na ikaanza kuuma 1964, na hata hapo hicho kitufe cha kuteleza kiliendelea kuwatesa watu mpaka miaka ya 70.

Kwa hiyo wenye mitaji na mikataba ya mitandao mikubwa ya TV (kampuni zinazolisha vituo vingi vipindi) walikimbilia VHF, wengine wakasubiri miaka wapewe VHF kuliko kuchukua UHF leo. UHF ikabaki haitakiwi, na vituo vingi vya UHF vya miaka ya 50 vilikufa mapema tu. Kitu kisichotakiwa kina faida moja: mtu ambaye milango mingine haimfungukii anaweza kukipata. Cortez alichukua 41 kwa sababu ndo mlango uliokuwa wazi.

Ila asikudanganye mtu kwamba mambo yakamnyookea. Watangazaji wa biashara hawakuamini kuna watazamaji, na vipimo vya utazamaji vya siku hizo vilifanyika zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumba iliyojaa watu wanaangalia 41 haionekani popote kwenye hesabu. Nielsen, kampuni kubwa ya kupima watazamaji, ilianza kipimo maalum cha kitaifa cha nyumba za Wamarekani wenye asili ya nchi za Kihispania mwaka 1992. Tisini na mbili! Kituo kina miaka 37. Cortez hakusubiri huko, mwaka 1961 aliuza TV, redio akabaki nayo.

Waliochukua, mmojawapo alikuwa mkwe wake, Emilio Nicolas, jamaa ambaye kabla ya TV alikuwa maabara kwenye utafiti wa chanjo ya polio, na pia walikuwemo kina Azcárraga walewale wa Tijuana. Kwa hiyo kuanzia hapo mkono wa Meksiko upo kweli na vipindi vya Meksiko vikaanza kuja kwa wingi, kanda zinasafirishwa kutoka kituo hiki kwenda kile, ukimaliza kuionyesha unampasia mwenzio. Kwa hiyo dhana yangu ya pili ilikuwa na chembe ya ukweli, niliikosea mwaka tu. 1962 wakaanzisha ndugu yake kule Los Angeles, KMEX, chaneli 34, nayo UHF vilevile, na huko kweli VHF zote saba zilikuwa zimeshajaa tangu 1949. Los Angeles ule utani wangu wa ukoko ungefaa, bahati mbaya nilikuwa nimeulizwa San Antonio.

Huo mtandao wao wa vituo, SIN, ukakua, ukaingia setilaiti 1976 kabla ya mitandao mikubwa ya Kiingereza, halafu ukajikwaa kwenye sheria: mgeni haruhusiwi kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya kibali cha utangazaji. Januari 1986 jaji wa FCC akaamua kwamba vituo vinaendeshwa na mgeni kinyume na sheria, vikauzwa kwa zaidi kidogo ya dola milioni 300 kwa kundi lililoongozwa na Hallmark (ndiyo, wale wa kadi za birthday), na 1987 mtandao ukaitwa Univision. Jengo la zamani la kituo pale San Antonio lilibomolewa 2013 watu wakiandamana kulitetea.

Haya mambo ya UHF si ya huko tu. KTN ilipoanza Nairobi mwaka 1990 ilikuwa chaneli 62, na waliokuwepo watakwambia habari za kupanda juu ya bati kugeuza antena huku mtu ndani anapiga kelele "hapo! hapo! umepita!"

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba baadaye mambo yakageuka. Juni 2009 Marekani ilizima analojia, na kwenye dijitali ikaonekana VHF ya chini, ile iliyogombaniwa, inasumbuliwa na kelele za umeme wa majumbani, mota, taa, kila kitu, na inataka antena ndefu ambayo hakuna anayetaka kuiona sebuleni. UHF inatosheka na kijiti cha shibiri nyuma ya TV. Ving'amuzi vyetu huku vya antena navyo viko UHF. Vituo vilivyodharauliwa miaka 50 vikajikuta vimekaa kwenye kiwanja cha bei mbaya, mpaka kampuni za simu zikaja na pesa, mnada wa masafa ukafungwa 2017, na chaneli 38 hadi 51 zikatolewa kwenye TV kabisa, wa mwisho akatakiwa kuhama 2020.

Kwa hiyo 41 anayoiona binamu yangu kwenye skrini sasa ni jina tu, kituo kinarushwa kwenye masafa mengine na TV inaambiwa iandike 41 ili watu wasipotee. Masafa yenyewe ya 41 ya zamani, megahezi 632 hadi 638, leo yako kwenye kundi lililotengewa kutoa data mnarani kuja kwenye simu.

Nikamwandikia yote haya kwenye grupu, ndefu hivihivi, pamoja na samahani ya ule ukoko. Akajibu baada ya siku mbili: asante sana ila mi siku hizi naangaliaga kwa simu.